Vita vya Miaka 30 havikuwa Wakatoliki dhidi ya Waprotestanti tu

Miaka nenda miaka rudi, ujumbe huu huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: eti katika Vita vya Miaka 30 vya Ulaya, 1618 hadi 1648, Wakatoliki wote walisimama upande huu na Waprotestanti wote upande ule. Si kweli.

Dini ilikuwamo, tena kwa uzito. Amani ya Augsburg ya 1555, mapatano ya dini katika Dola Takatifu la Kirumi (dola la Wajerumani), iliwatambua Wakatoliki na Walutheri, ikawaacha nje Wakalvini; Walutheri na Wakalvini wote ni Waprotestanti. Mei 1618, mjini Prague, wakuu wa Kiprotestanti wa Bohemia (leo sehemu ya Ucheki) waliwatupa dirishani maofisa wa mfalme wakidai uhuru wa kuabudu. Lakini waligombea pia madaraka: ukoo wa kifalme wa Habsburg, wa Kikatoliki, uwatawale kwa kiasi gani?

Ukitaka kuhakiki, tazama nani alimlipa nani. Kwa mkataba wa Bärwalde wa 1631, Ufaransa ya Kikatoliki iliahidi kuilipa Sweden ya Kilutheri taler 400,000 (sarafu za fedha) kwa mwaka ipigane na kaisari Mkatoliki wa dola hilo, wa ukoo wa Habsburg. Mwaka 1635 Ufaransa ikaitangazia vita Uhispania, Wakatoliki wenzao. Na mwaka 1620, Saxony ya Kilutheri, jimbo la Ujerumani, ilikuwa imemsaidia kaisari huyohuyo dhidi ya Bohemia.

Watu huchanganyikiwa, na naelewa kwa nini: miungano ya kijeshi ya 1608 na 1609 inajulikana kwa majina ya dini: Muungano wa Kiprotestanti na Ligi ya Kikatoliki.

Kinachoniuma ni kuona ujumbe huo ukitumiwa kuchonganisha majirani wa leo. Ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Mweleze aliyekutumia habari ya Bärwalde.