Je, Wajua Kwa Nini Dizeli Huganda Kwenye Baridi Kali?

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, mtambo wa dizeli ulioachwa nje usiku kucha unaweza kumshangaza mtu asiyeizoea hali hiyo. Asubuhi huwaka vizuri kabisa, hunguruma kwa dakika chache, kisha nguvu hupungua, injini huzimika, na baada ya hapo haikubali kuwaka tena hata betri iishe. Tangi limejaa, pampu ni nzima na umeme upo. Kilichotokea ni kwamba injini imemaliza mafuta kidogo yaliyokuwa yamekwisha kupita kwenye chujio, na ilipoanza kuvuta mengine kutoka kwenye tangi, ikakuta njia imezibwa na nta.

Nta hiyo haikuingia kutoka nje. Dizeli ni mchanganyiko wa hidrokaboni nyingi sana, yaani kemikali za kaboni na hidrojeni, na miongoni mwake zimo parafini zilizonyooka, jamii ileile ya kemikali inayotengenezewa mishumaa. Kwa kuwa molekuli zake hazina matawi, joto linaposhuka hujipanga ubavu kwa ubavu kwa urahisi na kushikana kuwa fuwele, zile ndefu zaidi zikitangulia. Mtu anaweza kuuliza kwa nini viwanda vya kusafisha mafuta visiziondoe zote. Ni kwa sababu ndizo zinazowaka vizuri zaidi ndani ya injini ya dizeli, ambayo haina plagi ya cheche na hutegemea mafuta yajiwashe yenyewe kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Kadiri parafini hizi zinavyokuwa nyingi, ndivyo namba ya seteni, yaani kipimo cha wepesi wa mafuta kujiwasha, inavyopanda.

Kuganda kwenyewe huja kwa hatua. Kwanza fuwele za mwanzo hujitokeza, na mafuta yaliyokuwa angavu yakaanza kuonekana kama yana ukungu. Joto likishuka nyuzi kadhaa zaidi, fuwele huwa nyingi kiasi cha kuziba chujio. Mwisho kabisa ndipo mafuta hukataa kumiminika. Watu wengi huifikiria hatua hii ya mwisho tu, ilhali mtambo husimama katika hatua ya pili, pengine mafuta ya kwenye tangi yakiwa bado yanatikisika vizuri. Chujio la injini ya kisasa hutengenezwa lizuie chembe za mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) chache tu, ili kulinda pampu na nozeli zinazofanya kazi kwa shinikizo kubwa. Nazo fuwele za nta katika dizeli isiyotiwa dawa ni vibamba vyembamba, vipana kuliko matundu hayo mara nyingi. Vikifika kwenye karatasi ya chujio hulala juu yake kimoja baada ya kingine, na nta ambayo ni asilimia ndogo sana ya mafuta yote hutosha kukata mtiririko. Ukilifungua chujio kama hilo utaikuta karatasi imepakwa utando mzito, mweupe au wa manjano, unaoteleza kwenye vidole.

Ndiyo maana kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 590 huipanga dizeli kwa kupima hatua ya pili: mafuta hupozwa na kuvutwa kupitia wavu wa mikroni 45 hadi pale yanaposhindwa kupita kwa wakati uliowekwa. Madaraja ya maeneo yenye baridi ya wastani huanzia nyuzi 5 juu ya sifuri hadi nyuzi 20 chini yake, na yale ya aktiki hufika hadi nyuzi 44 chini ya sifuri. Marekani hutumia dizeli namba 2 kwa kawaida, na baridi ikizidi huichanganya na namba 1, iliyo nyepesi na inayokaribiana na mafuta ya taa. Mchanganyiko huo una gharama yake, kwani namba 1 ina nishati pungufu kwa kila lita na hailainishi pampu vizuri kama namba 2.

Njia nyingine ni kutia kemikali za polima, ambazo hushikamana na fuwele zinapozaliwa na kuzifanya zibaki ndogo, ili mafuta yaendelee kupenya katikati yake. Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika. Polima hizi haziyeyushi nta iliyokwisha kujitenga, hivyo ni lazima zitiwe mafuta yakiwa bado na joto na angavu, kisha zichanganyike sawasawa. Kuzimimina kwenye tangi lililokwisha kuganda ni kupoteza fedha. Dawa za dharura za kuyeyusha nta ni bidhaa tofauti.

Mtambo ukishasimama, tiba ya uhakika ni joto. Uingize kwenye banda lenye joto, au tumia hita ya umeme au hewa ya moto kwenye chujio, mabomba na tangi, kisha weka chujio jipya lililojazwa dizeli safi ya majira ya baridi na utoe hewa kwenye mfumo kabla ya kupiga stata. Usipige stata kwa muda mrefu mfululizo, maana huungua. Usiwashe moto chini ya tangi kwa hali yoyote ile. Usitie petroli pia, ingawa kweli huyeyusha nta, kwa sababu mvuke wake huwaka kwa urahisi mno na tangi lote hugeuka hatari.

Kabla ya kulaumu nta, chunguza maji. Unyevu unaotonea ndani ya tangi lililojaa nusu huganda kuwa barafu kwenye chujio, na dalili zake hufanana na za nta. Dawa ya nta haitausaidia mtambo huo hata kidogo. Upepo, ambao wengi huulaumu, huharakisha tu kupoa kwa mafuta, wala hauwezi kuyashusha chini ya joto la hewa yenyewe. Dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea huhitaji uangalifu zaidi, kwani ile itokanayo na mawese huanza kuganda hata hewa ikiwa na zaidi ya nyuzi 10 juu ya sifuri.

Mitambo inayonaswa zaidi ni ile isiyotumika mara kwa mara, hasa jenereta za dharura, ambazo hujazwa wakati wa joto na kukaa na mafuta hayo hadi usiku wa baridi ambapo zinahitajika kuliko wakati wowote. Kuyapima ni rahisi: chota mafuta kidogo kutoka chini ya tangi, yatie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko na uiache nje usiku kando ya jenereta. Yakiwa na ukungu asubuhi, yabadilishe au yachanganye na dizeli nyepesi mchana huo huo, kisha endesha injini kwa muda wa kutosha ili mchanganyiko mpya ufike hadi kwenye nozeli.