Kwa nini mabaharia wa Lamu hawana mshahara?

Muulize kijana anayeshusha samaki gatini Lamu analipwa kiasi gani kwa mwezi. Hatakutajia kiasi, atakwambia inategemea bahari. Si kwamba anakuficha. Katika vyombo vingi vya uvuvi pwani yetu, baharia hana mshahara. Ana fungu.

Hesabu hufanyika samaki wakishauzwa. Kwanza hutolewa matumizi ya safari: mafuta ya mashine, barafu, unga, sukari, majani ya chai. Kinachobaki hugawanywa baina ya chombo na watu. Viwango hutofautiana kwa chombo na kwa aina ya uvuvi, lakini tuchukue mfano. Samaki wameuzwa kwa shilingi 30,000 na matumizi ni 6,000. Zimebaki 24,000. Nusu inakwenda kwa mwenye chombo na nyavu, ambaye wengi humwita tajiri. Ile 12,000 nyingine inakatwa mafungu sita: nahodha mawili, mabaharia wanne fungu moja moja. Nahodha anaondoka na 4,000, kila baharia na 2,000. Siku wakirudi mikono mitupu, baharia hapati kitu, na tajiri naye amepoteza mafuta yake.

Mbona isiwe mshahara tu? Kwa sababu mtu mwenye mashua moja hawezi kuahidi fedha ambazo bahari haijaahidi. Kusi, upepo mkali utokao kusini, inapovuma na mawimbi kuchafuka, chombo huweza kukaa siku nyingi bila kutoka. Angekuwa analipa mishahara, angeuza mashua kabla kaskazi, upepo wa msimu mzuri, haijarudi. Na kuna jambo la pili, ambalo mimi naliona kubwa zaidi: tajiri yuko nchi kavu. Haoni kama nyavu zimetupwa vizuri wala kama kuna aliyelala zamu yake. Fungu linamfanya kila baharia amsimamie mwenzake, kwa kuwa uvivu wa mmoja unaonekana katika mkono wa kila mtu.

Mfumo huu nisiusifu kupita kiasi. Wakati wa kusi baharia hukopa kwa tajiri ili nyumbani kupikike, na deni hulipwa msimu ukifunguka. Msaada huo huo ndio unaomfunga asiweze kuhamia chombo kingine. Na akiumia baharini, mara nyingi hana la kudai ila huruma.

Hata hivyo una haki moja ndani yake: hasara ni yetu, na faida ni yetu. Haki hiyo ndiyo tuliyoiacha ufukweni tulipofungua biashara za nchi kavu. Chukua nyumba ya wageni ya vyumba sita pale Shela. Aprili mvua zinaanza, wageni wanapungua, na mpishi anaambiwa akapumzike mpaka msimu. Hana karatasi, hana tarehe ya kurudi. Desemba nyumba imejaa, anapika mpaka usiku, na mshahara ni ule ule. Hasara ameshirikishwa, faida hakushirikishwa. Kisha hoteli kubwa inampigia simu katikati ya Desemba, naye anakwenda. Mwenye nyumba analalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana uaminifu. Nimeyasikia malalamiko hayo mara nyingi, na kila mara huwa najiuliza uaminifu huo ulijengwa juu ya nini.

Sheria nayo ina la kusema. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Kibarua wa kutwa akifanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, huhesabiwa kuwa ni mwajiriwa wa mwezi, anayestahili notisi kabla ya kuachishwa. Mkataba wa msimu unaruhusiwa. Kinachotakiwa ni uandikwe, useme unaanza lini na unaisha lini. Na kuhusu kuumia, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Fundi akianguka kutoka juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe, bila bima gharama inaweza kumeza biashara nzima.

Tena Lamu hatupigwi na kusi peke yake. Septemba na Oktoba 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, na watalii wakapotea. Juni 2014 likaja shambulio la Mpeketoni, kisha amri ya kutotoka nje usiku, iliyowaumiza hata wavuvi. Mwaka 2020 ikawa korona. Biashara ambayo gharama zake hazishuki mapato yanaposhuka haiwezi kustahimili mapigo kama hayo, na hapo ndipo tajiri wa mashua anapokuwa na somo kwa mwenye hoteli: mshahara wa uhakika usiopungua kima cha chini cha sheria, halafu fungu la faida ya msimu juu yake, na sehemu ya faida hiyo iwekwe kando kwa ajili ya miezi ya mvua.

Chomboni kuna jingine la kuiga. Baharia mpya huanza kwa kufua maji, yaani kuyatoa chomboni, akajifunza tanga, kisha siku moja akashikishwa usukani nahodha akiwa kando yake. Hivyo nahodha akiugua, yupo mwingine wa kukirudisha chombo bandarini. Katika maduka yetu mangapi kuna mtu mmoja tu anayejua wauzaji wa jumla, madeni ya wateja na nambari ya siri ya M-Pesa?

Mazungumzo ya fungu na mkataba yana wakati wake, nao ni Machi, kaskazi ikielekea ukingoni, wakati mwenye nyumba bado ana fedha za msimu mkononi na mpishi bado hajaambiwa aende nyumbani.