Kabureta ya chensoo na ya mashine ya kufyekea: isetie pale unapofanyia kazi

Mafinga iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ya Dar es Salaam, lakini tundu la petroli kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, linabaki lile lile. Ndiyo maana chensoo iliyosetiwa Dar ikifika Mafinga inatoa moshi, inalowesha plagi na inakosa nguvu. Hilo ni usumbufu tu. Hatari iko kwa anayeteremka: chensoo iliyosetiwa vizuri Mafinga au Njombe, ukaishusha Kyela kwenye mita kama 500, inakuta hewa nyingi na mafuta yale yale. Inalia kwa sauti tamu, inakata kwa kasi, halafu inanoki, yaani injini inaungua na kukwama.

Injini ya chensoo ni ya tustroki (mipigo miwili), na haina oili iliyotengwa pembeni. Oili yote inaingia pamoja na petroli. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, na joto linapanda wakati huo huo. Pistoni ya aluminiamu inatanuka hadi inakwaruza silinda, mara nyingi ikianzia upande wa ekzosi. Kabla ya kugusa skrubu yoyote, fungua ekzosi injini ikiwa ya baridi, vuta kamba ya kuwashia polepole na umulike tochi kwenye tundu. Pistoni nzima ina mistari myembamba ya kulala iliyoachwa na mashine kiwandani. Ukiona mikwaruzo ya wima, acha kabureta kwanza; kuna kazi kubwa zaidi hapo.

Mchanganyiko wa 50 kwa 1 ni ml 20 za oili ya tustroki kwa lita moja ya petroli, ml 100 kwa lita tano. Bomba la sindano la ml 20 linapima vizuri kuliko kisoda. Fuata kipimo cha kitabu cha mashine yako. Wengi huzidisha oili wakidhani wanailinda injini, kumbe kila tone la oili linachukua nafasi ya petroli, hewa inazidi, na masizi yanaziba ekzosi.

Safisha kichujio cha hewa, kagua kichujio cha mafuta ndani ya tangi, na weka plagi yenye nafasi ya mm 0.5. Mashine ikizima baada ya dakika kumi na tano, legeza mfuniko wa tangi. Ikivuta hewa kwa mlio na kuwaka tena, tundu la kupumulia la tangi limeziba, na kabureta haina kosa.

Kabureta nyingi zina skrubu tatu: L ya mwendo mdogo, H ya mwendo mkubwa, na ya sailensi (mwendo wa injini ukiwa hujabonyeza resi), iliyoandikwa T, LA au S. Nyingine hazina H. Mashine za STIHL zenye M-Tronic na za Husqvarna zenye AutoTune hujirekebisha zenyewe. Kwa L na H, kukaza kwa kufuata mwendo wa saa kunapunguza mafuta, kulegeza kunaongeza. Kaza zote mbili mpaka ziguse tu, kwa vidole viwili kwenye bisibisi. Ukilazimisha, ncha ya sindano inaharibu kiti chake na kabureta haitasetika tena. Kisha legeza kila moja mzunguko mmoja kamili, isipokuwa kitabu kinasema vingine.

Washa, ipashe moto dakika tatu hadi tano. Baa na cheni ziwe zimefungwa, au kichwa cha nyuzi kwa mashine ya kufyekea. Asubuhi ya Juni kule Makete usisetie kwenye baridi kali. Subiri jua lipande, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito na itakudanganya.

Anza na L. Igeuze taratibu mpaka sailensi ipande juu kabisa, kisha ilegeze sehemu ya nane ya mzunguko: ni kama mshale wa dakika ukitoka 12 kufika katikati ya 1 na 2. Piga resi ya ghafla. Ikijikwaa kama inataka kuzima, ongeza mafuta kidogo. Ikipanda kwa uzito huku ikitoa moshi, punguza. Malizia na skrubu ya sailensi mpaka cheni isimame kabisa.

H ndiyo inayoua injini. Piga resi yote kwa sekunde tatu hadi tano tu, usizidishe, na usikilize. Sauti nyembamba, safi, kama filimbi, ina maana mafuta ni machache. Unayoitaka ni sauti inayogugumia kidogo ikiwa haina mzigo, kisha inanyooka cheni ikizama kwenye gogo la msindano. Ikigugumia hata ndani ya gogo, kaza sehemu ya nane. Ukiwa na takometa, kipimo cha kasi ya mizunguko ya injini, usivuke kasi ya juu iliyoandikwa kwenye kitabu. Mwisho kata gogo kwa resi yote, zima papo hapo, toa plagi: rangi nzuri ni kahawia ya chai ya maziwa. Nyeupe ni hatari, nyeusi yenye unyevu ni mafuta mengi.

Ukilegeza skrubu mizunguko miwili na injini bado inalia kwa hewa nyingi, acha kulegeza. Hewa inaingia kwingine: mpira kati ya kabureta na silinda umepasuka, au sili za kranki (mipira inayozuia hewa kwenye shafti ya injini) zimekwisha. Au kiwambo cha kabureta, ile ngozi nyembamba ya ndani inayosukuma mafuta, kimekakamaa. Kitoe ukibonyeze: kizima ni laini kama ngozi ya kope, kilichokufa kinatoa mlio wa karatasi. Unaporudisha kipya, kwenye kabureta nyingi upande wa sindano inayoruhusu petroli kuingia, gasketi (karatasi ya kuziba) inatangulia kwenye bodi, upande wa pampu kiwambo ndicho kinatangulia.

Ukishuka Kyela, legeza H robo mzunguko kabla hata hujavuta kamba, kisha usetie upya kwa sikio. Ukirudi Njombe, rudia yote. Usitegemee alama uliyochora kwenye skrubu.