UB I: nyambizi iliyokatwa kwa kipimo cha behewa

Anayetaka kuielewa UB I, aina ya nyambizi ndogo za Ujerumani za Vita vya Kwanza vya Dunia, asianzie baharini, aanzie relini. Mwishoni mwa 1914 Wajerumani walikuwa wameshaikamata pwani ya Ubelgiji na walihitaji nyambizi ndogo huko, tena haraka. Zikaundwa Kiel na Bremen, zikafunguliwa vipande, zikapakiwa kwenye mabehewa na kuunganishwa upya Antwerp, Ubelgiji, au bandari ya Pola kwenye Bahari ya Adria. Upana wa mita 3.15 ulitokana na hilo: kipande kilichozidi kisingepita njiani.

Mengine yote yalifuata. Urefu mita 28 hivi, uzito tani 127 ikielea na 142 ikizama, watu 14. Mzinga haikuwa nao. Omo, yaani mbele, kulikuwa na mirija miwili ya sentimita 45, kila mmoja na topido yake, na akiba hakuna.

Udhaifu mkubwa ulikuwa mwendo. Dizeli moja ya nguvu za farasi 60 ilizungusha rafadha (panga la kusukuma chombo) moja. Juu ya maji ilikwenda maili 6.5 za baharini kwa saa. Ikizama, mota ya umeme iliipa 5.5, lakini kwa mwendo huo betri iliisha upesi. Ukipunguza hadi maili 4 ungefika maili 45 tu. Sasa ipeleke mlango-bahari wa Dover siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo ukiwa wa maili 3 na zaidi: karibu umeme wote unaliwa na kusimama mahali pamoja.

Kufyatua topido ndiko kulikohitaji mikono mahiri kuliko yote. Topido yake, ya aina ya C/06, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 770. Ikitoka, tangi la fidia lazima linywe maji ya uzito huo papo hapo. Likichelewa, omo inaruka juu mbele ya macho ya adui; likizidisha, chombo kinatumbukia kuelekea chini, na bodi yake ilipimwa kwa mita 50 tu. Tangi hilo halikuaminika kila mara.

Hata hivyo vyombo hivi vilifanya kazi. Tarehe 10 Aprili 1915 UB-4, mojawapo ya aina hii, iliizamisha Harpalyce, meli ya misaada kwa Ubelgiji. Agosti 15 yenyewe ikazamishwa na Inverlyon, mashua ya uvuvi iliyoficha mzinga. UB-14, nayo ya aina hii, iliizamisha manowari ya Italia, Amalfi, Julai 7 mwaka huohuo.

Wabunifu waliyaona makosa mapema. UB II, aina iliyofuata, ilikuja na urefu wa mita 36, rafadha mbili, topido za sentimita 50 na mzinga sitahani.