Wazazi wapya na masomo ya malezi: maswali yanayoulizwa sana kliniki

Mama yangu amelea watoto saba. Mimi nifundishwe malezi ya nini?

Ujuzi wa mama yako wa kumbeba mtoto, kumbembeleza na kumsoma kilio chake hakuna darasa litakalokupa kwa kiwango hicho. Ila ushauri wa kitaalamu umebadilika tangu akulee wewe. Wengi walionjeshwa maji ya sukari siku ya kwanza. Leo mtoto anawekwa titini ndani ya saa moja ya kuzaliwa, anapewa yale maziwa ya kwanza ya njano, kisha ananyonya maziwa ya mama pekee, bila hata maji, hadi miezi 6. Wengi walilazwa kifudifudi. Leo mtoto analazwa chali.

Penye mvutano mkubwa zaidi ni kitovu. Kile kipande kinachobaki hunyauka, huwa cheusi na hudondoka chenyewe, mara nyingi ndani ya wiki mbili. Siku hizo ndizo zinapoletwa jivu, samli, mate, na kwingine hata kinyesi cha ng'ombe. Vitu hivyo vinaweza kuingiza vijidudu, vikiwemo vya pepopunda. Nawa mikono kwa sabuni, acha kitovu kikavu, kunja nepi chini yake. Kama mhudumu amekupa dawa ya kupaka, paka hiyo tu. Ukiona usaha, harufu mbaya au wekundu unaosambaa kwenye ngozi, nenda kituoni siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo hudhuria, na bibi wa mtoto aje pia. Ukirudi na somo peke yako, utabishana naye ukiwa na mshono na usingizi wa wiki nzima.

Masomo yenyewe yako wapi, na ni ya kulipia?

Kliniki ya wajawazito tayari ni darasa. Shirika la Afya Duniani linashauri tangu 2016 mahudhurio yasiyopungua 8, la kwanza kabla ya wiki 12 kwisha. Hospitali binafsi za mijini huwa na madarasa ya kulipia, lakini si lazima.

Shida ni kwamba somo la kwenye benchi, kabla ya vipimo, mara nyingi ni la kusikiliza tu. Usiondoke hivyo. Mwombe mkunga akuonyeshe kwa mwanasesere, au hata kwa khanga iliyokunjwa, jinsi ya kumpakata mtoto: tumbo lake liguse lako, kidevu kiguse titi, mdomo upanuke achukue na sehemu kubwa ya weusi, siyo chuchu peke yake. Chuchu kuchanika, na ile hofu ya "sina maziwa", mara nyingi huanzia kwenye mkao mbaya.

Mume wangu aje kufanya nini?

Aje ajifunze dalili za hatari. Katika nyumba nyingi yeye ndiye mwenye nauli, na asiyezijua atasema, "Tusubiri kupambazuke." Ajue pia kwamba machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida kwa mzazi, ila huzuni ikipita wiki mbili, au mama akiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo ni sonona na ina matibabu.

Mtoto analia usiku mzima na nimechoka. Nimtikise kidogo?

Hapana, kamwe. Kumtikisa kunaweza kuumiza ubongo wake. Mlaze chali mahali salama, toka nje dakika chache upumue, au mkabidhi mtu mwingine.

Nimeshajifungua na sikuhudhuria hata somo moja. Nimechelewa?

Hujachelewa. Mahudhurio ya wiki sita za kwanza ni nafasi ya kuuliza yote uliyokosa, na mhudumu wa afya wa mtaani kwenu anaweza kukufuata nyumbani. Ila ukiona lolote kati ya haya usingoje tarehe ya kliniki: mtoto hanyonyi au amelegea, anapata degedege, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika au kifua kinabonyea, ana joto la nyuzi 37.5 au zaidi, mwili umekuwa baridi, au umanjano umefika viganjani na kwenye nyayo. Mpeleke wakati huo huo, hata kama ni saa nane za usiku, ukimbeba kifuani ngozi kwa ngozi na kumfunika vizuri, na umnyonyeshe njiani kama anaweza.