Mchujo wa urais Marekani: dhana potofu kuhusu vigogo na timu za majimbo

Dhana iliyoenea kuliko zote kuhusu mchujo, yaani kura za jimbo kwa jimbo ambazo chama hutumia kumpata mgombea wake wa urais, ni kwamba kigogo wa jimbo akipanda jukwaani na kumnadi mgombea, wafuasi wake wote humfuata. Mwaka 2008 Barack Obama aliungwa mkono na Seneta Edward Kennedy, Seneta John Kerry na Gavana Deval Patrick, watatu wazito kweli katika chama cha Democratic jimboni Massachusetts, na bado Hillary Clinton akashinda huko kwa asilimia 56 dhidi ya 41. Miaka minne kabla ya hapo, Howard Dean aliingia Iowa akiwa na baraka za Al Gore, makamu wa rais wa zamani, pamoja na za Tom Harkin, seneta wa jimbo hilohilo, akaishia nafasi ya tatu. Kwa Republican hali ni ileile: Gavana Kim Reynolds wa Iowa alimuunga mkono Ron DeSantis Novemba 2023, DeSantis akazunguka kaunti zote 99 za jimbo hilo, na Januari 15, 2024 akapata asilimia 21 huku Donald Trump akiondoka na 51.

Ukweli ni kwamba tamko la kigogo huwa na nguvu mambo matatu yanapokutana: wapiga kura wengi bado wanasitasita, anayetamka wanamwamini kwa miaka mingi, na siku zilizobaki ni chache. Ndivyo ilivyokuwa South Carolina mwaka 2020. Joe Biden alikuwa ameshika nafasi ya nne Iowa, ya tano New Hampshire na ya pili Nevada, na wengi walikwisha kumwandikia tanzia ya kisiasa. Februari 26 Jim Clyburn, mbunge wa jimbo hilo tangu 1993 na mtu anayeheshimiwa sana na wapiga kura Weusi, ambao ndio wengi katika mchujo wa Democratic huko, akatangaza kumuunga mkono. Siku tatu baadaye Biden alipata karibu asilimia 49, na Bernie Sanders aliyemfuata akapata 20. Hata hivyo, wanaompa Clyburn sifa zote wanazidisha, kwa kuwa Biden alikuwa akiongoza katika tafiti za maoni za jimbo hilo kwa miezi mingi; kilichokuwa kimeyumba ni imani kwamba anaweza kushinda, na hiyo ndiyo Clyburn aliyoirudisha.

Kwa maoni yangu, tamko lenye faida ya kila siku mara nyingi hutoka kwa mtu asiyetangazwa na televisheni yoyote ya taifa: mwenyekiti wa chama wa kaunti, au mwakilishi katika bunge la jimbo, mwenye orodha ya simu za watu waliomfanyia kampeni yeye mwenyewe na anayejua ni nani kanisani mwake hukubali kugonga milango wakati wa theluji. Gavana huleta kamera, lakini huyu huleta watu.

Msomaji aliyezoea kuona CCM ikichuja majina ya wagombea urais Dodoma anaweza kudhani pia kwamba ofisi za chama majimboni humfanyia mgombea kazi. Sivyo. Katika kipindi cha mchujo chama cha jimbo kwa kawaida hakitarajiwi kuegemea upande, kwa hiyo kila mgombea huunda timu yake kuanzia sifuri, akianza na mkurugenzi wa jimbo, kisha wakuu wa kanda, halafu waratibu wa mashinani.

Kuhusu waratibu hao, wengi hudhani kwamba ukiwa na fedha za kuajiri wengi umemaliza kazi. Michael Bloomberg aliajiri zaidi ya watu 2,000 mwaka 2020, akawalipa waratibu wake dola 6,000 kwa mwezi, malipo ambayo washindani wake hawakuyafikia, akatumia zaidi ya dola bilioni 1 za mfukoni mwake, na ushindi wake pekee ukawa katika visiwa vya Samoa ya Marekani. Dean naye alijaza Iowa na maelfu ya vijana wa kujitolea waliovaa kofia za rangi ya chungwa, wengi wao wakitoka majimbo mengine, jambo ambalo wenyeji hawakulipokea vizuri sana. Kazi ya mratibu ni kupiga simu jioni baada ya jioni, kumpa kila mpiga kura alama kuanzia 1, yaani wetu kabisa, hadi 5, yaani wa mpinzani, kisha kuwarudia walio katikati. Juu ya hayo, anatakiwa ampate katika kila kituo jirani mmoja anayefahamika, ambaye usiku wa mkutano wa mchujo, yaani kikao ambacho katika baadhi ya majimbo wapiga kura hukutana na kuchagua papo hapo, atasimama ukumbini na kuwaita watu kwa majina. Kazi hiyo huhitaji miezi, na fedha zinazoingia dakika za mwisho haziwezi kununua miezi iliyopita.

Kuna wanaosema majimbo madogo hayana maana. Siku moja ya Februari 2008, Clinton alishinda New Jersey, ambako zaidi ya watu milioni 1 walipiga kura, akapata wajumbe (wale wanaompitisha mgombea kwenye mkutano mkuu wa chama) 59 dhidi ya 48 wa Obama, yaani nyongeza ya wajumbe 11. Obama akashinda mikutano ya mchujo ya Idaho iliyohudhuriwa na watu wapatao 21,000, akapata wajumbe 15 dhidi ya 3: nyongeza ya 12. Alikuwa ameweka timu Idaho mapema, wakati mpinzani wake hakuishughulikia.

Makaratasi nayo hudharauliwa. Ili jina la mgombea liwekwe kwenye karatasi ya kura, Virginia mwaka 2012 ilidai saini 10,000 za wapiga kura, zikiwamo angalau 400 kutoka kila wilaya ya uchaguzi wa bunge la taifa. Kwa Republican, Mitt Romney na Ron Paul pekee ndio waliofaulu. Newt Gingrich, aliyekuwa akiishi jimboni humohumo, hakuingia kwenye karatasi ya kura, wala Rick Perry, gavana wa Texas.

Dhana ya mwisho ni kwamba uungaji mkono wa viongozi hununuliwa waziwazi na hakuna anayejali. Ni kweli kuna waliojaribu. Kuelekea mchujo wa Iowa wa 2012, seneta mmoja wa bunge la jimbo, aliyekuwa mwenyekiti wa kampeni ya Michele Bachmann huko, alihamia ghafla kwa Ron Paul siku chache kabla ya upigaji kura. Mwaka 2014 alikiri mahakamani kwamba alipokea malipo yaliyofichwa, na mwaka 2017 akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Paul alimaliza wa tatu Iowa.