Jicho Lililofumba la Mjusi-Chui Mchanga

Mjusi-chui aliyewekwa mezani kwangu alikuwa na umri wa miezi mitatu na uzito wa gramu 9, kiasi ambacho ni kidogo mno kwa umri huo. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba kabisa, kope zimevimba na kushikamana kwa tongotongo kavu, na la kulia lilikuwa wazi nusu. Mwenyewe alikuwa amemtia matone ya antibayotiki kwa siku 12, dawa iliyobaki baada ya mtu wa nyumbani kwake kuugua macho, wala hakuona nafuu yoyote. Nililowesha kope kwa maji ya chumvi kwa dakika kadhaa, kisha nikazitenganisha taratibu kwa kijiti cha pamba kilicholowa, na hapo kikatoka kibonge cheupe, kigumu kama jibini, ukubwa wake kama nusu ya punje ya mchele. Kilikuwa kimejibana kati ya kope na jicho mithili ya kifuniko. Chini yake jicho lilikuwa zima, na kwa siku zote 12 huenda hakuna tone hata moja la dawa lililolifikia.

Kibonge hicho ni usaha. Usaha wa binadamu ni majimaji kwa sababu chembe nyeupe za damu zetu zina vimeng'enya vinavyouyeyusha, lakini wanyama watambaao hawana uwezo huo, hivyo usaha wao huganda na kubaki palepale ulipojikusanya. Jambo hili peke yake linaeleza kwa nini dawa ya matone, hata ikiwa ni ile inayofaa, hushindwa mara nyingi: haipenyi. Kwanza kibonge kitoke, ndipo dawa ianze kufanya kazi.

Inafaa pia kuelewa jicho lenyewe lilivyoumbwa. Mjusi kafiri hana kope za kufumba. Jicho lake limefunikwa na ngozi angavu ambayo huambuka pamoja na ngozi nyingine, naye hulisafisha kwa kulilamba. Mjusi-chui, ambaye wataalamu humwita Eublepharis macularius, ni wa jamii tofauti kidogo, kwa kuwa ana kope kamili na hupepesa macho kama sisi. Kope hizo humkinga dhidi ya vumbi la nyika kavu za Afghanistan, Pakistan na kaskazini-magharibi mwa India anakotoka, lakini hutengeneza mfuko mdogo kati ya kope na jicho, na kinachoingia humo na kukwama hakitoki kwa urahisi. Kwa hiyo ushauri ulioandikwa kwa ajili ya mijusi wasio na kope, hasa ule unaohusu ngozi angavu ya juu ya jicho, usiutumie kwa mjusi-chui. Nimeona watu wakikwangua konea ya mnyama, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, wakidhani wanatoa ngozi kuukuu.

Chanzo ninachokutana nacho zaidi kwa wachanga ni ngozi iliyoshindwa kuambuka vizuri. Mjusi anayekua hujivua ngozi mara nyingi kuliko aliyekomaa, pengine kila wiki moja au mbili, kwa hiyo kosa dogo la unyevu hurudiwa mara nyingi ndani ya miezi michache. Siku moja au mbili kabla ya kujivua, rangi yake hupauka kama aliyepakwa unga. Kisha huivua ngozi yote na kuila. Wafugaji wengi huangalia vidole siku inayofuata, na wanafanya vyema, kwa maana ngozi iliyobaki kidoleni hukaza kama uzi na kukata damu. Lakini wachache huangalia ukingo wa kope, ambako hubaki ukanda mwembamba wa ngozi, mweupe, unaoonekana vizuri ukimulika kwa tochi kutoka ubavuni. Ukanda huo ukijikunja kwa ndani husugua jicho kila mnyama anapopepesa, jicho hutoa ute, ute hukauka, na baada ya siku chache una kile kibonge nilichokieleza.

Kizimba cha mjusi-chui kwa jumla kinatakiwa kiwe kikavu, unyevu wa asilimia 30 hadi 40, lakini lazima kiwe na maficho moja yenye unyevu wa asilimia 70 au zaidi. Kikopo cha plastiki chenye tundu la kuingilia, ndani yake karatasi za tishu zilizoloweshwa na kubadilishwa kila baada ya siku chache, kinatosha kabisa. Kunyunyizia maji kizimba kizima hakuchukui nafasi ya maficho hayo, kwani maji hukauka kabla mnyama hajafaidika nayo.

Chanzo cha pili ni chakula, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuzungumza na wenye wanyama. Vitamini A hutunza utando laini wa ndani ya kope na mirija ya tezi za machozi. Ikipungua, utando huo hugeuka kuwa mgumu kama ngozi ya nje, mirija huziba, machozi hupungua, na chembe zilizokufa hujikusanya chini ya kope. Nyenje, mende na mabuu ya mbawakawa wanaolishwa mijusi wana vitamini A kidogo sana. Unga mwingi wa virutubisho unaonyunyiziwa wadudu hao una beta-karotini badala ya retinoli, yaani vitamini A yenyewe, na inaaminika kwamba geko, kundi la mijusi ambamo mjusi-chui yumo, hawaibadilishi beta-karotini vya kutosha kuwa vitamini wanayoihitaji. Kwa hiyo mtu anaweza kunyunyiza unga kwa bidii mwaka mzima na bado mnyama akapungukiwa. Soma kibandiko cha chupa, utafute neno retinoli au vitamini A yenyewe, siyo karotini peke yake. Dalili inayonifanya nishuku upungufu huu ni macho yote mawili kuathirika kwa pamoja, hasa ngozi nayo ikiwa haiambuki vizuri hata pale ambapo unyevu unatosha.

Hata hivyo, nawasihi wasomaji wasikimbilie vidonge vya vitamini A vya binadamu, wala wasikubali sindano ya vitamini hiyo bila kipimo kilichokokotolewa kwa gramu. Vitamini A huhifadhiwa katika ini, na ikizidi hudhuru; nimemwona mjusi ambaye ngozi yake ilibabuka vipandevipande baada ya sindano moja. Kwa mnyama wa gramu 9, tofauti kati ya dawa na sumu ni ndogo kuliko tone linalobaki kwenye ncha ya sindano.

Vyanzo vingine nitavipitia kwa haraka. Mchanga, maganda ya kokwa yaliyosagwa na hata unga wa kalsiamu ulionyunyizwa kupita kiasi huingia machoni na kukwaruza; mjusi mchanga afugwe juu ya karatasi tupu. Nyenje walioachwa kizimbani usiku humng'ata mnyama aliyelala, na kope ni laini. Taa ya miale ya urujuanimno iliyo kali mno au iliyo karibu mno huunguza macho yote mawili. Mjusi aliyeunguzwa hivyo hufumba macho mchana na kuyafumbua gizani. Kabla ya kulaumu taa, kumbuka kwamba mijusi-chui albino hukunja macho kwenye mwanga wowote mkali, ingawa si wagonjwa.

Kuhusu huduma ya nyumbani, ninaikubali kwa siku mbili tu, na kwa sharti kwamba konea inaonekana angavu na mnyama bado anakula. Mweke katika kisanduku chenye karatasi zilizolowa maji ya vuguvugu kwa dakika 15 hadi 20, kisanduku kikiwa na matundu ya hewa na joto la nyuzi 28 hivi. Kisha dondosha maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yale safi yanayouzwa kwa ajili ya kuoshea macho au vidonda, tone baada ya tone, mpaka tongotongo lilainike. Viringisha kijiti cha pamba kilicholowa kutoka kona ya ndani ya jicho kuelekea nje, bila kukandamiza. Kinachotoka kitoke, kisichotoka kiachwe hadi kesho. Kibano kisiguse kope. Ninasema hivi kwa sababu katika miaka yangu ya mwanzo nilivuta ukanda wa ngozi ambao niliamini umeshalainika, nao ukaondoka na sehemu ya ukingo wa kope, na mnyama yule hakuweza tena kufumba jicho sawasawa.

Matone yenye steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, yasitumike kabisa bila jicho kupimwa. Daktari hutia rangi ya fluoresini, ambayo hung'aa kijani mahali ambapo konea imechubuka, na steroidi juu ya mchubuko huo inaweza kulitoboa jicho. Ukiona konea imekuwa na ukungu, jicho limetokeza nje, kuna damu, au kope hazifunguki baada ya siku mbili za kuloweshwa, usiendelee kujaribu.

Lipo jambo ambalo huwaua wachanga hawa kuliko ugonjwa wa jicho wenyewe, nalo ni njaa. Mjusi-chui huwinda hasa kwa kuona. Asipoona mdudu akitembea, mara nyingi hatakula, hata mdudu akimpanda mgongoni. Mjusi aliyekomaa mwenye mkia mnene ana akiba ya mafuta ya wiki kadhaa, lakini mchanga hana. Mpime kila siku, saa ileile, kwa mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, na uandike. Mguse mdomo kwa mdudu aliyepondwa kichwa ili alambe majimaji; wengi huanza kutafuna wenyewe. Hakikisha pia sakafu ya upande wa joto ina nyuzi 31 hadi 33, kwa sababu mjusi aliyepoa hawezi kumeng'enya chakula wala kupambana na maambukizi, na dawa nayo huwa haina msaada mkubwa mwilini mwake.

Yule wa gramu 9 nilimwandikia mafuta ya antibayotiki ya macho yasiyo na steroidi, mara mbili kwa siku, baada ya rangi kuonyesha mchubuko mdogo upande wa chini wa konea. Mwenyewe aliondoa mchanga uliokuwa sakafuni mwa kizimba, akaweka maficho yenye unyevu, akabadilisha unga wa virutubisho baada ya kugundua kwamba aliokuwa nao ulikuwa na beta-karotini tupu. Wiki ya kwanza uzito haukupanda hata nukta moja, naye alinipigia simu mara tatu akiamini amempoteza. Siku ya tisa mjusi alikula mabuu mawili peke yake. Walipokuja tena baada ya wiki tano alikuwa na gramu 15, akafuata ncha ya kalamu yangu kwa macho yote mawili. Ukingo wa kope ya kushoto una kovu jembamba, na mwenyewe aliniambia kwamba kila baada ya mjusi kujivua ngozi, anaanza kuangalia hapo kabla ya vidole.